Nyumba za kupanga Ufini zipo, tatizo ni namna tunavyozitafuta

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka kuanzia mwezi wa sita, vijana wetu waliopata nafasi katika vyuo vya Ufini huanza kuhangaika na suala la pa kukaa, na majibu wanayopewa karibu yote ni ya Helsinki. Wengi wao hawaendi Helsinki. Wanakwenda Kajaani, Kemi, Tornio, Iisalmi, Varkaus, Ylivieska au Savonlinna, miji ambayo hakuna hata mmoja unaofikisha watu elfu arobaini. Wengine hawaendi chuo kabisa, wanakwenda kuhudumia wazee au kuchuma nyanya kwenye mabanda ya vioo ya Närpes. Naandika kwa ajili yao, kwa sababu kupanga nyumba katika mji mdogo wa Ufini kuna taratibu zake, na asiyezijua huumia mfukoni kabla hajafungua begi.

Kwanza, nyumba zipo. Watu wa miji hiyo wanapungua, vijana wao wanahamia kusini, na kampuni za nyumba za halmashauri hubaki na nyumba tupu kiasi kwamba mahali pengine majengo mazima hubomolewa. Uhaba unaonekana katika mambo mawili tu: vyumba vya wanafunzi mihula inapoanza, Agosti na Januari, na nyumba zenye samani. Kwa hiyo huyo "wakala" anayemtoza kijana mamia ya euro eti amtafutie nyumba Kajaani, anauza kitu ambacho mwenye nyumba mwenyewe anahangaika kukitoa. Isitoshe, kwa sheria ya Ufini malipo ya dalali hutoka kwa yule aliyemtuma. Mwenye nyumba akimpa dalali kazi ya kutafuta mpangaji, mpangaji hadaiwi hata senti: si ada ya kuonyeshwa nyumba, si ada ya mkataba. Anayekudai ada hizo kwa nyumba aliyoitangaza mwenyewe, achana naye hapo hapo.

Mwanafunzi aanze na taasisi za nyumba za wanafunzi. Oulu kuna PSOAS, Rovaniemi kuna DAS, na katika mji mdogo zaidi ukurasa wa chuo ndio unaoelekeza nani anashughulika na makazi. Ombi litumwe siku ile ile unayothibitisha nafasi ya masomo, usisubiri kibali cha kuishi kitoke, kwa maana foleni huhesabiwa kuanzia siku ya ombi na kujiondoa ni rahisi. Chumba cha bei nafuu huitwa soluasunto: unakuwa na chumba chako chenye kufuli, jiko na bafu mnatumia watu wawili hadi wanne. Mara nyingi kodi ya chumba hicho imeshabeba maji, umeme na intaneti, jambo ambalo huko kwingine hulipati.

Wa pili ni kampuni ya nyumba ya halmashauri. Karibu kila mji unayo. Ya Kajaani, kwa mfano, inaitwa Kajaanin Pietari. Ukiandika mtandaoni jina la mji na neno vuokra-asunnot, utaiona. Fomu yao huuliza watu wangapi watakaa, mapato, mali, kodi ya juu unayoimudu na tarehe ya kuhamia. Jaza kila kipengele, hata pale unapotakiwa kuandika sifuri, kwa sababu fomu yenye pengo huwekwa pembeni. Ombi nalo huisha muda, mara nyingi baada ya miezi mitatu, usipolihuisha linafutika kimya kimya. Na hapa ndipo watu wetu wengi hukosea: wanatuma fomu kisha wanakaa kusubiri barua pepe. Piga simu asubuhi, sema jina lako, sema umeleta ombi na unaweza kuhamia lini. Katika ofisi yenye wafanyakazi wawili au watatu, simu ya dakika tano huitoa karatasi yako chini ya rundo.

Waliobaki ni kampuni binafsi na watu binafsi. Hao hutangaza kwenye tovuti za Vuokraovi na Oikotie, na kwenye mbao za matangazo za maduka makubwa ya mji, ambako bibi mwenye nyumba moja ya ziada bado anabandika karatasi yenye namba ya simu. Hizo za ubaoni zisidharauliwe.

Tangazo la Kifini limeandikwa kwa vifupisho, na kila kifupisho kina pesa ndani yake. Chukua mfano huu, ambao ni wa kawaida kabisa katika miji hiyo: "2h+kk+p, 47 m², 3/3 krs, rv. 1974, vuokra 455 €/kk, vesi 22 €/hlö/kk, sähkö oma sopimus, takuuvuokra 1 kk, vap. 1.9."

Herufi h ni vyumba vya kukaa na kulala kwa jumla, sebule ikiwamo. Kwa hiyo 2h ni sebule na chumba kimoja, si vyumba viwili vya kulala. Wanaokuja wanne wakidhani wamepata vyumba viwili na sebule hujikuta wamebanana. Herufi kk baada ya alama ya kujumlisha ni jiko dogo la kona, k peke yake ni jiko kamili. P ni roshani, s ingekuwa sauna ya ndani. Lakini angalia: kk hiyo hiyo ikija baada ya euro maana yake ni kwa mwezi. 3/3 krs ni sakafu ya tatu ya jengo la sakafu tatu, na Wafini huhesabu ya chini kabisa kuwa ya kwanza. Majengo ya sakafu tatu ya miaka hiyo mara nyingi hayana lifti, kwa hiyo friza na sofa utazipandisha kwa mabega. Rv. ni mwaka wa kujengwa, na hapo simama kidogo. Jengo la miaka ya sabini linakaribia au limeshapita umri wa kubadilishiwa mabomba yote, kazi inayoitwa putkiremontti. Ikianza ukiwa ndani, bafu lako litang'olewa na kwa wiki nyingi mtaogea kwenye bafu la muda la pamoja au mtahama. Uliza kabla ya kusaini: mabomba yalibadilishwa lini, na kama bado, imepangwa lini?

Vesi ni maji, 22 kwa kila kichwa kwa mwezi. Wawili ni 44. Ndiyo maana mwenye nyumba anataka kujua idadi ya watu, na ndugu akija akakaa miezi mitatu, unatakiwa kutoa taarifa. Kwingine kuna mita, na hapo anayependa kuacha bomba la moto likitiririka hujiona kwenye bili. Sähkö oma sopimus ni umeme kwa mkataba wako mwenyewe, nitaurudia. Takuuvuokra ni dhamana, hapa ya mwezi mmoja. Vap. 1.9. ni tarehe 1 Septemba, nyumba itakapokuwa wazi.

Piga sasa hesabu ya mtu mmoja: kodi 455, maji 22, umeme wa kupikia na taa kama euro 25 hivi, bima ya vyombo kama 10. Hiyo ni 512 kwa mwezi bila intaneti. Siku ya kuingia utatakiwa uwe umelipa dhamana na kodi ya mwezi wa kwanza, yaani 910, kabla hujanunua hata godoro. Mwenye kibali cha masomo aliyetoka nje ya Umoja wa Ulaya asiingize ruzuku ya nyumba ya Kela, shirika la hifadhi ya jamii, kwenye hesabu yake. Migri, idara ya uhamiaji, inataka aonyeshe euro 800 za kujikimu kwa kila mwezi, na kodi itoke humo humo.

Kuhusu joto, nyumba ya ghorofa mjini karibu kila mara hupashwa kwa maji ya moto yanayokuja kwa mabomba kutoka mtambo wa mji, na gharama yake iko ndani ya kodi. Hapo unakaa vizuri kwenye nyuzi 21 hata nje kukiwa chini ya sifuri kwa nyuzi thelathini. Lakini ukisoma suora sähkölämmitys, maana yake joto linatoka kwenye umeme wako. Na ukiona öljylämmitys, linatoka kwenye tangi la mafuta ambalo pengine utalijaza wewe.

Mtego mkubwa wa miji midogo umefichwa humo, na ningeomba uchapwe kwa herufi nzito. Utaona nyumba nzima ya peke yake, mita za mraba mia, na bustani, kwa euro 600. Familia inafurahi: kwa nini tubanane kwenye ghorofa kwa 500 na ushei? Nyumba ya zamani ya ukubwa huo inayopashwa kwa umeme hula uniti 15,000 hadi 20,000 kwa mwaka. Tukishika 18,000, na kila uniti iwe senti 15 pamoja na usafirishaji na kodi ya serikali, ni euro 2,700 kwa mwaka, au 225 kwa mwezi kwa wastani. Ila wastani haulipwi. Bili za Desemba, Januari na Februari ndizo hubeba mzigo, na mwezi mmoja wa baridi kali unaweza kukaribia kodi yenyewe. Ongeza kuzoa theluji kila alfajiri, na mabomba yanayoganda ukisafiri ukazima joto. Kabla ya kusaini, dai takwimu ya matumizi ya mwaka uliopita kwa uniti, siyo kwa euro, maana bei hubadilika lakini nyumba inavuja joto vile vile. Mwenye nyumba anayekwepa kukupa takwimu hiyo amekwisha kukujibu.

Umeme wa ghorofa ni mdogo lakini una usumbufu wake, kwa sababu hauji na nyumba. Ukishasaini mkataba wa kupanga, unafungua mkataba na kampuni yoyote ya kuuza umeme nchini, huku nyaya zikibaki za kampuni moja ya eneo lako. Kwa hiyo bili ni mbili, au moja yenye sehemu mbili: uuzaji na usafirishaji. Ya usafirishaji haina mashindano, ni ile ile kwa mtaa mzima. Ya uuzaji linganisha kwenye sahkonhinta.fi, tovuti ya mamlaka ya nishati. Kuna bei ya kudumu kwa muda maalumu, kuna isiyo na mwisho, na kuna pörssisähkö, ambayo hupanda na kushuka ndani ya siku moja kufuata soko. Hiyo ya soko inamfaa anayekaa ghorofani na kutumia uniti mia moja na kitu kwa mwezi. Kwa nyumba yenye joto la umeme, mwaka wa kwanza, ni kujitafutia presha.

Kufungua mkataba kunahitaji namba ya utambulisho ya Ufini na mara nyingi vitambulisho vya benki ya mtandaoni, ambavyo mgeni hana katika wiki za kwanza. Dawa yake ni simu: kampuni nyingi hufungua kwa simu, baadhi hudai amana. Fanya hivyo angalau wiki moja kabla ya kuhamia. Usipofanya, taa zinaweza kuwaka siku mbili tatu kwa jina la aliyehama, kisha zikazimwa, na kurudishiwa umeme kuna ada.

Taa zenyewe, kwa kweli, usitegemee kuzikuta. Nyumba ya Kifini hupangishwa tupu. Utakuta jiko la umeme, friji, makabati, choo na bafu, na taa za jikoni na bafuni. Sebuleni na chumbani kuna soketi ya dari, basi. Kitanda, pazia, meza, mashine ya kufulia, vyote ni vyako. Novemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo taa ya kusimama ya kuchomeka ukutani ndiyo kitu cha kwanza kununua, kabla ya sufuria. Maduka ya mitumba, ambayo huitwa kirpputori, yapo kila mji na yana samani imara kwa bei ndogo. Nguo utafua pesutupa, chumba cha kufulia cha jengo, kwa zamu ya kujiandikisha.

Turudi kwenye mkataba. Upo wa aina mbili. Wa kwanza ni toistaiseksi voimassa oleva, usio na mwisho. Mpangaji hutoa notisi ya mwezi mmoja wa kalenda, na mwenye nyumba hutoa miezi mitatu kama umekaa chini ya mwaka, au sita kama umefikisha mwaka. Notisi huhesabiwa kuanzia mwisho wa mwezi ulioitoa. Ukiiwasilisha tarehe 31 Machi, mkataba unaisha 30 Aprili. Ukichelewa siku moja ukaipeleka 1 Aprili, unaisha 31 Mei. Siku moja, kodi ya mwezi mzima.

Wa pili ni määräaikainen, wa muda maalumu, na huu ndio unaowafunga watu wetu. Mtu anasaini miezi kumi na miwili akidhani ni kama ule wa kwanza, mwezi wa nne anapata kazi Tampere, anaandika notisi, anaambiwa kodi inaendelea hadi mwisho. Na ni kweli inaendelea. Mkataba huo hauvunjwi kwa notisi ya upande mmoja, ni mpaka mkubaliane, au mahakama iruhusu kwa sababu nzito. Kwa mji wenye nyumba tupu hakuna sababu ya kujifunga mwaka mzima, omba usio na mwisho, na mara nyingi utapewa. Baadhi ya wenye nyumba huweka njia ya kati: mkataba usio na mwisho, lakini ukiondoka kabla ya tarehe fulani unalipa faini iliyoandikwa, sopimussakko. Hiyo si haramu, soma tu tarehe na kiasi.

Kodi kupanda nako kuwe kumeandikwa: kwa kipimo gani na mara ngapi. Kama mkataba haukusema kitu, mwenye nyumba hawezi kuamka asubuhi akakutangazia kodi mpya na ikawa imepita.

Dhamana kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu, na kwa kawaida ni mmoja au miwili. Hapa mazoea ya nyumbani yanatuponza. Sisi tumezoea kulipa miezi sita au mwaka mkupuo, kwa hiyo tapeli akitaka miezi sita hatushtuki. Mfini angeshtuka. Kodi ya Ufini hulipwa mwezi kwa mwezi, benki kwa benki, na mkataba usiposema vinginevyo, mwisho ni siku ya pili ya kipindi cha malipo.

Utapeli wenyewe una sura ile ile. Nyumba nzuri, picha za kupendeza, bei nusu ya majirani, mwenye nyumba "yuko nje ya nchi" na ufunguo utatumwa kwa posta ukishalipa. Ukaguzi wake si mgumu. Akaunti ya benki ya Ufini huanza na FI na ina herufi na tarakimu kumi na nane kwa jumla. Ukipewa yenye herufi za nchi nyingine, au ukiambiwa utumie pesa kwa wakala wa kutuma fedha, jibu unalo. Nyumba ya ghorofa Ufini humilikiwa kupitia hisa za kampuni ya jengo, na kampuni hiyo ina meneja anayetoa cheti kiitwacho isännöitsijäntodistus, chenye jina la mmiliki. Mwombe mwenye nyumba akuonyeshe cheti hicho, linganisha jina na lile la kwenye mkataba. Omba pia akupigie simu ya video akiwa mlangoni, afungue, aingie, afungue bomba. Na nakala ya pasipoti usimtumie mtu ambaye hujamthibitisha, maana atafanya nayo utapeli kwa jina lako.

Mwenye nyumba wa kweli naye atakuchunguza, na ana haki. Ataangalia rekodi ya madeni kwa namba yako ya utambulisho, na mgeni asiye na namba haonekani popote. Jaza pengo hilo kwa karatasi: kibali cha kuishi, barua ya chuo au mkataba wa kazi, taarifa ya benki, na barua ya mwenye nyumba wa awali kama unayo. Zitume zote pamoja kwenye ujumbe mfupi wenye tarehe ya kuhamia na idadi ya watu. Hadithi ndefu ya maisha haisaidii kitu.

Siku ya funguo, usianze na kupanga vyombo. Pita na simu, piga picha kila ukuta, sakafu, dirisha, ndani ya oveni, chini ya sinki. Washa plati zote za jiko. Weka kipande cha karatasi ya chooni kwenye tundu la hewa la bafuni, kikishikiliwa hewa inavuta, kikianguka toa taarifa. Nusa makabati ya chini, harufu ya uvundo huko ni maji yaliyovuja. Kisha jaza fomu ya ukaguzi na uirudishe ndani ya muda uliopewa, ambao huwa siku chache hadi wiki mbili. Mkwaruzo ambao hukuuandika utahesabiwa ni wako.

Hesabu funguo na uandike idadi. Mlango wa Kifini hujifunga wenyewe ukiuvuta, kwa hiyo anayetoka kutupa taka kwa kandambili bila ufunguo hubaki nje kwenye ngazi, na kufunguliwa na kampuni ya matengenezo hulipiwa, usiku zaidi. Ukipoteza ufunguo, mwenye nyumba anaweza kubadilisha kufuli kwa gharama yako.

Hakikisha jina lako la ukoo limebandikwa kwenye mlango. Barua huingizwa kwa tundu la mlangoni, na mlango usio na jina humfanya mposti aondoke nayo. Kadi ya benki, barua ya Migri na ya Kela hupita humo. Anwani iandike nzima: mtaa, namba ya jengo, herufi ya ngazi, namba ya nyumba, kama Kauppakatu 12 B 34. Taarifa ya kuhama itolewe kwa DVV, ofisi ya usajili wa watu, mapema kabisa mwezi mmoja kabla na kuchelewa kabisa wiki moja baada ya kuhamia. Mgeni ambaye bado hajasajiliwa huenda mwenyewe ofisini na mkataba wa nyumba mkononi.

Ukishaingia, matatu ndiyo huleta ugomvi. Bafu: sakafu nzima huloa, kwa hiyo ukimaliza kuoga sukuma maji kwenye tundu la sakafuni kwa ule mpira wenye mpini, na ulisafishe tundu lenyewe kila mwezi. Kulisafisha ni kazi ya mpangaji, na nywele zilizoziba zikimwaga maji kwa jirani wa chini, utatafutwa wewe. Sauna: ukiwa nayo na huitumii, usiigeuze stoo wala kamba ya kuanikia nguo. Swichi ikiguswa kwa bahati mbaya mawe yanafika mamia ya nyuzi na nyumba inaungua, na moto wa namna hiyo zima moto wa Ufini wanaufahamu vizuri. Kelele: kanuni za majengo mengi hutaka utulivu kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi, na humo mna kutwanga, mashine ya kufulia na simu za sauti ya juu kwenda nyumbani. Jirani hatakugongea mlango, ataandika barua kwa meneja, na onyo la maandishi likikaa kwenye faili linaweza kukugharimu mkataba. Rediata nazo zisizibwe na sofa wala pazia zito, maana kifaa cha kupima joto kilichofunikwa hudhani chumba kimeshapata moto na kufunga, kisha watu hulalamika nyumba ni ya baridi.

Wakati wa kuondoka notisi iwe ya maandishi, na omba ijibiwe kwamba imepokelewa. Usafi wa mwisho hukaguliwa kwa makini kuliko ulivyozoea: vuta friji ufute nyuma, yeyusha friza na uache mlango wazi, sugua oveni, osha madirisha kama mkataba unasema, toa uchafu wa tundu la bafuni. Uchakavu wa kawaida, kama rangi iliyofifia au alama ya miguu ya kiti, haukatwi kwenye dhamana. Tundu la msumari mahali palipokatazwa hukatwa. Mkikosana kuhusu makato, dai orodha ya maandishi yenye bei ya kila kitu. Ushauri upo kwa chama cha wapangaji, Vuokralaiset ry, na malalamiko hupokelewa bila malipo na Kuluttajariitalautakunta, baraza la migogoro ya walaji.

Funga mkataba wa umeme kuanzia siku ya kutoka, siyo kabla, kwa sababu utahitaji taa kufanya usafi huo. Kwa anayerudi nyumbani moja kwa moja, akaunti ya benki ya Ufini ibaki wazi hadi dhamana iingie, maana wenye nyumba wengi huirudisha wiki kadhaa baada ya kupokea funguo, na wachache sana wako tayari kuituma nje ya Ulaya.

Mpangaji wa siku nyingi,
Kajaani, Ufini